Kimbunga Hidaya kinakaribia: shule za Mombasa zifunguliwe Jumatatu au tungoje?

Mzazi wa Kisauni · Ijumaa, 3 Mei 2024, saa 2:10 asubuhi

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote. Nina watoto wawili: mmoja yuko Gredi ya Nne hapa Kisauni, na mwingine Kidato cha Pili katika shule ya bweni upande wa Kwale. Muhula wa pili ulikuwa uanze Jumatatu iliyopita, tarehe 29 Aprili, lakini tangazo la kuusogeza hadi tarehe 6 Mei likatufikia wakati sanduku la kijana lilikuwa limekwisha kutiwa kufuli na kuwekwa mlangoni. Sanduku liko hapo hadi leo, na kila anayetoka chumbani usiku hujigonga ugoko.

Mara ya kwanza sababu ilikuwa mafuriko ya bara. Sasa tunaambiwa kwamba kimbunga kiitwacho Hidaya kimo baharini kikielekea pwani ya Tanzania, na kwamba mvua, upepo na mawimbi yake huenda yakatufikia. Darasa la huyu mdogo lina paa la mabati ambalo liliwahi kung'oka upande mmoja kwa upepo wa kusi wa kawaida tu. Naomba wenye ujuzi wanieleze: Jumatatu nimpeleke, au nimweke nyumbani hata kama shule itafunguliwa?

Kibokoni Juu · saa 2:31 asubuhi

Hidaya maana yake ni zawadi, Bi Mzazi, na zawadi usiyoitaka hurudishwa kwa heshima.

Nikiacha mzaha, nimekaa katika mji huu zaidi ya miaka hamsini na sijawahi kukiona kimbunga kwa macho yangu. Mwaka 2021 tulitishwa kwa Jobo, na Jobo kikafifia kabla hakijaifikia Dar es Salaam. Oktoba iliyopita tuliambiwa kwamba mvua za El Niño hazitakuja tena, na Novemba watu wakatembea ndani ya maji yaliyofika kiunoni. Mwenye kukosea pande zote mbili, akisema kinakuja au hakiji, mimi humsikiliza kwa sikio moja.

Maalim wa Jiografia · saa 2:58 asubuhi

Kibokoni anasema kweli, ila hakueleza sababu. Kimbunga huhitaji mambo mawili makubwa: bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia inayoupinda upepo ukaanza kuzunguka. Nguvu hiyo ni sufuri kwenye Ikweta na huongezeka kadiri mtu anavyokwenda kusini au kaskazini. Katika eneo la takriban digrii tano kila upande wa Ikweta huwa dhaifu mno kuzungusha chochote. Mombasa iko digrii nne kusini, kwa hiyo sisi tuko ndani ya ua, na kimbunga hakiwezi kutufikia. Shule zifunguliwe.

Baharia Mstaafu · saa 3:20 asubuhi

Maalim, kwa heshima zako zote, umechanganya kuzaliwa na kusafiri. Ni kweli kwamba kimbunga ni vigumu kuzaliwa kwenye digrii nne, lakini kikishazaliwa kwenye digrii nane au tisa kinaweza kutembea. Pikipiki iliyotiwa mafuta mjini hufika hata kijiji kisicho na kituo cha mafuta, ingawa haifiki mbali sana.

Linalonipa matumaini mimi ni jambo jingine. Upande huu wa dunia vimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Chora duara kwenye karatasi, kitovu chake kikiwa Mafia, kisha uweke kalamu Mombasa, yaani kaskazini ya kitovu kwa zaidi ya kilomita 400. Utaona kwamba upepo wa kimbunga chenyewe, ukitufikia, utakuwa unatoka bara kwenda baharini. Wanaosukumiwa bahari ni walio kusini ya kitovu: Kilwa, Lindi, na Mtwara kidogo. Huo ndio upande wa kuuhurumia.

Mvuvi wa Mtongwe · saa 3:47 asubuhi

Baharia, karatasi yako ni nzuri, lakini umesahau kwamba kusi imekwisha ingia. Upepo tulio nao hapa sasa unatoka kusini, hauhitaji ruhusa ya kimbunga, na mawimbi yanayotangulia kimbunga husafiri mbali kuliko upepo wake. Tangu jana naona mawimbi marefu yaliyoachana, hayafanani na yale mafupi ya kusi yanayofuatana kama watu waliopanga foleni. Mtu wa nchi kavu haoni tofauti, lakini ukiwa ndani ya dau unaisikia miguuni.

Jambo la pili ni maji. Leo ni mwezi 24 Mfunguo Mosi. Tuko katika maji mafu, kupwa na kujaa kwake ni kudogo. Hidaya ingekuja Jumatano ijayo, mwezi ukiandama na bamvu likianza, ningezungumza lugha nyingine. Hata hivyo asubuhi hii tumelipweleza dau, tukalivuta juu ya magogo hadi mizizi ya mkwaju, watu kumi na mmoja, na mmoja wetu bado analalamika mgongo.

Kibokoni Juu · saa 3:55 asubuhi

Kwa hiyo Baharia anasema upepo utatoka bara, Mvuvi anasema utatoka kusini, na Maalim anasema hautatoka popote. Bi Mzazi, umepata jibu lako?

Bi Mkubwa wa Makadara · saa 4:30 asubuhi

Wanangu, mimi sikusoma jiografia, lakini nyanya yangu alizaliwa Unguja, na kwao mwaka wa tufani ulikuwa ukitajwa kama tunavyotaja mwaka wa njaa. Alisimuliwa na mamake kwamba mikarafuu ilianguka shamba zima kwa usiku mmoja, na minazi ikalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Na Unguja si mbali na hapa. Msimwambie mtu kwamba jambo halijawahi kutokea kwa sababu ninyi hamkuwapo.

Maalim wa Jiografia · saa 4:52 asubuhi

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsante kwa kunirekebisha. Hilo lilikuwa Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, na lilizamisha hata merikebu zake. Pemba haikuguswa sana, na ndiyo sababu karafuu zikahamia huko. Lipo pia la Lindi la mwaka 1952. Hata hivyo Unguja iko digrii sita na Lindi digrii kumi. Kila ukipanda kaskazini matukio yanapungua. Nitasahihisha kauli yangu: si kwamba hakiwezi, ila ni nadra sana.

Kuhusu swali la Baharia la kutembea, nakubali nusu. Vimbunga vya upande wetu hupenda kupinda kuelekea kusini, mbali na Ikweta, na Hidaya inashangaza kwa kuwa imeshika njia ya magharibi moja kwa moja.

Kijana wa Bamburi · saa 5:15 asubuhi

Hayo yote ni mabadiliko ya tabianchi. Bahari imepata joto, ndiyo maana siku hizi vimbunga vinapanda juu. Tazameni Idai ya mwaka 2018 iliyoiharibu Beira, kisha Kenneth iliyoipiga Mtwara wiki chache baadaye.

Mzaliwa wa Mtwara · saa 5:40 asubuhi

Ndugu yangu wa Bamburi, Idai ilikuwa Machi 2019, na Kenneth ilikuja Aprili mwaka huohuo. Kenneth haikuipiga Mtwara. Iliingia Cabo Delgado, Msumbiji, kusini mwa mpaka. Ninajua kwa sababu nilikuwa kwetu Mtwara wakati huo. Tuliamriwa kujihadhari, shule zikafungwa, na watu wa mabondeni wakaambiwa wahamie sehemu za juu. Mjomba wangu alipakia magodoro manne na mbuzi mmoja kwenye bajaji. Siku nzima tulingoja, mvua ikanyesha kiasi, na jioni tukarudi nyumbani. Waliocheka walikuwa wengi. Kisha picha za Cabo Delgado zikaanza kufika kwenye simu, za vijiji ambavyo sisi tunavijua, ambako tuna shemeji na wajomba, na havikuwa na paa hata moja.

Kwa hiyo mimi ni katika wale wanaosema zifungwe.

Dereva wa Watoto · saa 6:25 mchana

Naomba nizungumze kama mtu anayebeba watoto kumi na wanne kila asubuhi. Wote hapa mnajadili paa na mawimbi, lakini hatari ninayoijua mimi ni barabara. Njia yangu ina sehemu mbili ambazo hugeuka ziwa kwa mvua ya saa moja, na katika mojawapo kuna mtaro ulioibwa vifuniko. Maji yakiwa juu, mtaro hauonekani. Novemba nilimtanguliza utingo na ufagio, akawa anapiga chini kama kipofu huku nami namfuata kwa gia ya kwanza. Kimbunga kikiwa Mafia au kikiwa Kilwa, mvua yake ikifika hapa inatosha. Sihitaji upepo wa kilomita mia kwa saa ili mtoto aingie mtaroni.

Fundi Mabati · saa 7:05 mchana

Bi Mzazi aliuliza kuhusu paa, na hakuna aliyemjibu. Paa haling'olewi na upepo unaolipiga kutoka juu. Hung'olewa na upepo unaoingia chini ya baraza na madirishani, ukakosa pa kutokea, ukalisukuma bati kutoka ndani, huku upepo wa juu nao ukilivuta. Nenda kaangalie mambo matatu. Tazama kama kenchi zimefungwa kwenye ukuta kwa nondo au waya, au zimelazwa tu juu ya ukuta kwa uzito wake. Tazama misumari: ikiwa kofia zake zimeota kutu na bati linacheza ukilitikisa kwa fimbo, hilo limekwisha kuaga. Kisha tazama ukingo wa bati umetokeza kiasi gani nje ya ukuta, maana watu hupenda kivuli kirefu, na kivuli kirefu ni mkono wa kumpa upepo aushike.

Hilo ulilotaja, liling'oka upande gani?

Mzazi wa Kisauni · saa 7:21 mchana

Upande wa baraza, mwalimu wangu. Lilirudishwa siku ya tatu, kwa misumari ileile.

Fundi Mabati · saa 7:24 mchana

Basi mtoto abaki nyumbani.

Mpinzani wa Likoni · saa 8:10 mchana

Nyumbani wapi? Hapa ndipo mjadala unaponichosha. Mnaosema «abaki nyumbani» mna nyumba za mawe. Mimi naishi chumba kimoja cha mabati na udongo, mke wangu na mimi tunavuka feri saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, na watoto watatu wanabaki na jirani mwenye watoto wake watano. Darasa la shule yetu lina ukuta wa mawe ya matumbawe na sakafu iliyoinuliwa, na saa saba wanapewa pure. Mkifunga shule, mnamtoa mtoto mahali palipo imara na kumrudisha mahali dhaifu, kisha mnaita jambo hilo usalama. Tena hata penye mafuriko, waliokosa makao hupelekwa wapi? Shuleni.

Na jambo jingine: watoto wasiokwenda shule, hali mawimbi yamekuwa makubwa na kila mtu anazungumzia mawimbi, watakwenda wapi kama si ufukweni kuyatazama?

Baharia Mstaafu · saa 8:33 mchana

Hoja ya ufukwe ni nzito kuliko zote zilizotolewa leo, na nasikitika kwamba sikuifikiria mimi.

Dereva wa Watoto · saa 8:50 mchana

Naunga mkono kwa nusu. Wanaokwenda shule kwa miguu wako katika hali moja, na wanaobebwa kuvuka mji mzima wako katika hali nyingine. Kwa nini uamuzi uwe mmoja kwa wote? Mwalimu mkuu anayeijua njia na anayelijua paa lake ndiye angeamua.

Maalim wa Jiografia · saa 9:02 alasiri

Mwalimu mkuu akifunga na kimbunga kisifike, ataulizwa ni nani aliyemruhusu. Akifungua na bati likaruka, ataulizwa vilevile. Nimekaa ofisi hiyo miaka sita. Amri ikitoka juu, angalau kila mtu hulala.

Mzazi wa Kisauni · saa 12:40 jioni

Amri imetoka juu. Rais ametangaza leo kwamba ufunguzi wa shule umeahirishwa kote nchini hadi itakapotangazwa tena, kwa sababu ya mafuriko na hali ya hewa inayotarajiwa. Kijana amelifungua sanduku na kuanza kula biskuti zake.

Mpinzani wa Likoni · saa 12:58 jioni

«Hadi itakapotangazwa tena.» Machi 2020 pia tuliambiwa maneno ya namna hiyo kwa sababu ya korona, na shule zikafunguliwa kwa madarasa yote Januari 2021. Binti wa dada yangu alikuwa Kidato cha Tatu zilipofungwa, na hakurudi tena. Leo ana watoto wawili. Mnaposema wiki moja haina hasara, semeni haina hasara kwenu.

Mzaliwa wa Mtwara · saa 1:30 usiku

Pole kwa hilo, ndugu. Lakini usilinganishe miezi na siku chache. Kimbunga kina tarehe ya kuja na tarehe ya kwenda.

Kijana wa Bamburi · saa 2:05 usiku

Ahsante kwa masahihisho ya Idai na Kenneth. Hata hivyo swali langu halijajibiwa: kwa nini safari hii kimepanda juu hivi, tena mwezi wa Mei, wakati msimu umekwisha?

Maalim wa Jiografia · saa 2:44 usiku

Wengine wataitaja El Niño iliyoipasha bahari joto tangu mwaka jana, na wengine joto la bahari lenyewe linalopanda mwaka hadi mwaka. Lakini joto peke yake halitoshi. Upepo wa juu sana na upepo wa chini vikipishana kwa kasi, kimbunga hukatwa kichwa kabla hakijasimama, na safari hii inaonekana havikupishana.

Bi Mkubwa wa Makadara · saa 3:10 usiku

Au vilikuwapo siku zote na hapakuwa na wa kuvipa majina. Zamani jahazi likipotea tulisema limepotea. Leo kuna setilaiti, na kila wingu lina cheti cha kuzaliwa.

Kibokoni Juu · saa 3:14 usiku

Bi Mkubwa ameufunga mjadala.

Baharia Mstaafu · saa 3:26 usiku

Hajaufunga. Merikebu zilikuwa zikiandika upepo na kipimo cha hewa kila zamu tangu karne ya kumi na tisa, na kimbunga kikubwa kisingepita katikati ya njia ya Bombay na Zanzibar bila kuacha habari. Vidogo, labda.

Mvuvi wa Mtongwe · Jumapili, 5 Mei, saa 1:15 asubuhi

Habari za asubuhi. Usiku wa jana sikulala. Kama saa tano upepo ulikata ghafla, kisha ukarudi ukitokea upande wa bara, wa baridi, kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa, halafu kusi ikashika tena nafasi yake. Baharia atasema ameshinda, lakini ni vikombe viwili tu. Mvua ilikuwa ya kawaida, na dau liko salama.

Mzaliwa wa Mtwara · saa 2:40 asubuhi

Jana Hidaya kilifika Mafia na kuishiwa nguvu, alhamdulillahi. Lakini mvua yake imefanya kazi: barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi imekatika upande wa Kilwa, na ndugu zangu waliokuwa njiani wamelala ndani ya basi.

Kibokoni Juu · saa 3:00 asubuhi

Kwa ndugu zetu wa Kilwa, pole sana. Kwetu sisi, naomba tu iandikwe kwamba nilisema.

Fundi Mabati · saa 3:12 asubuhi

Ulisema hujawahi kukiona kimbunga. Hata sasa hujakiona. Hukutabiri chochote.

Mpinzani wa Likoni · Jumatano, 8 Mei, saa 1:50 usiku

Imetangazwa kwamba shule zitafunguliwa Jumatatu, tarehe 13. Watu wa kufunga, hesabuni: Hidaya kilikwisha tarehe 4 usiku. Hizo siku nyingine kilikuwa kinafungiwa nini hapa Pwani?

Mzaliwa wa Mtwara · saa 2:15 usiku

Mafuriko ya bara, ndugu, ambako kuna madarasa yaliyojaa matope. Amri ilikuwa ya nchi nzima.

Dereva wa Watoto · saa 2:20 usiku

Ndiyo maana nilisema uamuzi usiwe mmoja.

Mzazi wa Kisauni · Jumatatu, 13 Mei, saa 11:30 jioni

Nimempeleka mdogo leo mwenyewe, nikiwa na fimbo kama Fundi alivyoagiza. Mlinzi alinitazama sana. Bati la upande wa baraza linacheza. Mwalimu aliyenipokea alinishukuru na kuniambia kwamba barua imekwisha andikwa. Madawati ya upande huo yamesogezwa ukutani, watoto wamebanana wanne wanne. Wa bweni ameondoka na sanduku lake, na biskuti nimenunua upya.

Kijana wa Bamburi · Jumanne, 21 Mei, saa 4:05 asubuhi

Naufufua uzi huu kwa swali. Mmekiona hiki kingine, Ialy? Kiko kaskazini ya Madagaska, na safari hii kinapanda kuelekea upande wetu na Somalia, si Tanzania. Maalim, ile habari ya ua wa digrii tano imekuwaje?

Maalim wa Jiografia · saa 4:30 asubuhi

Ninaitazama ramani tangu alfajiri. Naomba muda.

Baharia Mstaafu · saa 4:41 asubuhi

Kikipita mashariki yetu badala ya kusini, chora duara upya: upepo wake kwetu utatoka kusini, uungane na kusi. Hapo hesabu yangu ya awali haifanyi kazi.

Kibokoni Juu · saa 4:44 asubuhi

Jina lake linatamkwaje kwanza, kabla hatujaliogopa?

Mvuvi wa Mtongwe · saa 5:20 asubuhi

Mwezi unajaa Alhamisi, kwa hiyo safari hii ni bamvu. Magogo hatukuyaondoa ufukweni, na nimewapigia wenzangu kumi. Yule wa mgongo hapokei simu.